Kufuatilia historia ya familia kwa vitabu vya kanisa, usajili wa serikali na sensa: kwanza uliza nani alimwambia karani

Mpekuzi wa Nasaba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Maswali ya kutafuta mababu kwenye nyaraka yamekuwa mengi, na majibu yetu mara nyingi yanaishia kutaja jina la tovuti. Tovuti itakupa ukurasa, ila kuusoma ni juu yako. Hapo ndipo koo zinapochanganyika. Mtu anakuta jina linalofanana na la babu yake, anaridhika, analipandisha kwenye mti wa familia, wenzake wanalinakili, na baada ya muda miti mingi inasema kitu kimoja kumbe wote wamechota kwa mtu mmoja aliyebahatisha.

Msimamo wangu ni huu: hakuna hata karatasi moja kati ya hizi iliyoandikwa kwa ajili yetu. Kasisi aliandika ajue nani kabatizwa na nani yuko huru kuoa. Serikali iliandika kwa sababu ya mirathi, jeshi na kesi za mahakamani. Karani wa sensa alitumwa kuhesabu watu. Kila mmoja aliuliza maswali yake na kuandika alichojibiwa na mtu aliyesimama mbele yake siku ile. Kwa hiyo kabla ya kuuliza karatasi inasema nini, uliza nani alisema, nani aliandika, na alitaka kujua nini.

Naanza na kanisa kwa sababu sehemu nyingi ndilo lenye vitabu vikongwe. England, mwaka 1538, Thomas Cromwell aliyekuwa mshauri mkuu wa Mfalme Henry VIII aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563 uliagiza paroko aweke kitabu cha ndoa, na kwenye ubatizo aandike majina ya wasimamizi. Kwa nini wasimamizi? Kwa sababu anayemsimamia mtoto alihesabiwa kuwa na undugu wa kiroho na familia ile, na undugu huo ulizuia ndoa. Kasisi alitaka ushahidi wa kizuizi. Wewe leo unapata kitu kingine kabisa: wasimamizi mara nyingi walikuwa shangazi, mjomba, kaka wa baba au babu mwenyewe. Msipite majina hayo haraka. Kuna koo ambazo jina la kwao mama halipatikani popote ila kwa kuona kwamba wasimamizi wa watoto wake watatu wote wana jina moja la ukoo.

Mwaka 1614 Kanisa Katoliki likatoa kitabu cha taratibu za ibada kilichowataka maparoko waweke pia daftari la vifo na lingine la hali ya waumini, kaya kwa kaya. Hilo la mwisho ni sensa kabla ya sensa, na pale lilipotunzwa ni hazina.

Sasa tahadhari. Kitabu cha kanisa kinatoa tarehe ya ubatizo, si ya kuzaliwa, na tarehe ya maziko, si ya kifo. Pengine tofauti ni siku moja, pengine ni miaka, maana kuna familia zilizowabatiza watoto wote wanne siku moja. Vitabu vya zamani vya England mara nyingi vinamtaja baba peke yake, mama hayupo kabisa. Kuanzia 1813 ndipo fomu zilizochapwa zikaanza kutumika zenye nafasi ya kazi ya baba na mahali anapoishi kwenye ubatizo, na umri wa marehemu kwenye maziko. Kwa hiyo usimlaumu kasisi wa 1650 kwa kutoandika asichoulizwa.

Wakatoliki wana jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Kuanzia Pasaka ya mwaka 1908, kwa agizo la Papa lililotolewa mwaka uliotangulia, ndoa inapofungwa popote taarifa inarudishwa parokia alikobatizwa mtu, inaandikwa pambizoni mwa jina lake. Mtoto aliyebatizwa mwaka 1895 anaweza kuwa na maandishi madogo pembeni yanayosema alioa nani, wapi, mwaka gani, pengine bara jingine. Ukiomba nakala iliyochapwa upya unaweza usiyapate. Omba picha ya ukurasa.

Nitaendelea na serikali na sensa hapo chini, ila maswali yanakaribishwa.

---

Mpekuzi wa Nasaba

Naendelea.

Usajili wa serikali ulikuja nyuma, na kila nchi na mwaka wake. Ufaransa ilihamisha kazi hiyo kutoka kwa makasisi kwenda kwa serikali za miji na vijiji Septemba 1792. England na Wales walianza tarehe 1 Julai 1837. Scotland 1855. Ujerumani nzima tarehe 1 Januari 1876, ingawa Prussia ilitangulia mwaka 1874. Ukiujua mwaka wa eneo lako utajua lini uache kutafuta cheti na urudi kwenye kitabu cha parokia. Tena msidhani sheria ikianza kila mtu ametii. England adhabu ya kutosajili mtoto ilipata nguvu mwaka 1875 tu, kwa hiyo kabla ya hapo kuna watoto wenye ubatizo wasio na cheti.

Cheti kina tofauti moja kubwa na kitabu cha kanisa: mara nyingi kinamtaja mtoa taarifa. Safu hiyo watu huiruka, na kwangu ndiyo ya kwanza kusoma.

Chukueni cheti cha kifo. Marehemu hakuwepo kujibu. Aliyekwenda kwa msajili ni mjane, mtoto, mkwe, au jirani aliyekuwepo wakati wa kufariki. Tarehe ya kifo anaijua. Umri anakisia. Majina ya wazazi wa marehemu, waliofariki pengine miaka sitini nyuma katika wilaya nyingine, mkwe atayajulia wapi? Scotland walikuwa wanaandika wazazi wote wawili wa marehemu pamoja na jina la kwao mama, jambo ambalo England hawakulifanya. Ni faida kubwa, lakini lile jina la mama lilitoka kinywani mwa mtu, na mtu huyo ana uhusiano ulioandikwa palepale kwenye cheti. Akiwa dada wa marehemu, ninaamini. Akiwa mwenye nyumba, naliweka kama fununu ya kufuatilia.

Cheti cha kuzaliwa kina nguvu zaidi kwa sababu mama alikuwepo. Cheti cha ndoa kiko katikati: bwana na bibi harusi walisema wenyewe majina ya baba zao, na mtu aliyezaliwa nje ya ndoa pengine alitaja jina la babu yake mzaa mama, au alimbuni baba ili asione haya mbele ya wakwe. Nayasema haya kwa heshima. Walikuwa watu wenye aibu na matumaini kama sisi.

Uholanzi wana kitu cha kipekee. Tangu 1811 wanaooana walitakiwa kukabidhi nakala za vyeti vyao vya kuzaliwa, na wazazi wakiwa wamefariki, nakala za vifo vyao. Karatasi hizo zilihifadhiwa kama viambatisho vya ndoa. Ukipata ndoa moja unaweza kuinuka na vizazi vitatu.

Sensa ndiyo inayowapa watu furaha ya haraka, kwani unaiona familia yote ndani ya nyumba moja usiku mmoja. Iceland walihesabu kila mtu kwa jina mwaka 1703, watu 50,358 wakiwemo maskini wasio na makazi, na ndiyo sensa ya kwanza inayojulikana ya nchi nzima yenye jina, umri na nafasi ya kila mkazi. Marekani walianza 1790 ila hadi 1840 waliandika jina la mkuu wa kaya tu, wengine ni tarakimu kwenye visanduku. Mwaka 1850 kila mtu huru akaandikwa jina. Mwaka 1880 wakaongeza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Kabla ya hapo, wakuu, mwanamke na watoto ndani ya nyumba ya mwanamume si lazima wawe mke na watoto wake. Anaweza kuwa dada yake mjane.

---

Mjukuu wa Tatu

Asante sana mkuu, nimejifunza kitu kwenye hao wasimamizi. Naomba msaada. Kuna mwanamke kwenye ukoo wa mume wangu, upande wa England. Sensa ya 1851 ana miaka 30, ya 1861 ana 37, ya 1871 ana 45. Nimekwama, sijui kama ni mtu mmoja au wawili.

---

Mpekuzi wa Nasaba

Dada, kuna uwezekano mkubwa ni mmoja. Fanya hesabu: sensa ya kwanza inampa kuzaliwa 1820 au 1821, ya pili 1823 au 1824, ya tatu 1825 au 1826. Kila miaka kumi yeye anakua kwa saba au nane. Hilo linaonekana mno kwenye sensa, hasa pale mke alipokuwa mkubwa kuliko mume au alipoolewa mara ya pili. Usipige wastani, wastani utakupa mwaka ambao hakuna aliyewahi kuutaja. Anza na ile ya mwanzo, kisha tafuta visivyobadilika: mahali alipozaliwa, majina na mpangilio wa watoto, kazi ya mume. Vikilingana katika sensa zote tatu, umri usikutishe.

Ukirudi nyuma hadi 1841 uwe makini zaidi. Mwaka ule makarani wa England waliagizwa kushusha umri wa kila aliyezidi miaka 15 hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano. Mtu wa miaka 24 aliandikwa 20. Na mahali pa kuzaliwa hapakutajwa, waliulizwa tu kama wamezaliwa kaunti ileile, ndiyo au hapana, au kama wametoka Scotland, Ireland au nchi za nje. Uhusiano wa kifamilia nao haukuandikwa hadi 1851.

Halafu kuna upande wa pili, wazee wanaoongezeka umri. Malipo ya uzeeni ya serikali yalianza Uingereza tarehe 1 Januari 1909 kwa waliofika miaka 70. Sensa iliyofuata ni ya 1911. Ukiona mzee amezeeka ghafla kati ya 1901 na 1911, fikiria nani alikuwa na sababu ya kutaka afike sabini.

---

Kalamu Nyeusi

Mkuu nakuheshimu lakini hapa tunatofautiana kidogo. Mimi naiamini sensa kuliko kitabu cha kanisa. Karani wa sensa alikwenda mlangoni, akawaona watu kwa macho. Kasisi aliweza kukusanya vikaratasi wiki nzima akaja kuviandika baadaye, na majina akayageuza Kilatini. Tena kasisi alimwandika aliyekuja kwake tu. Wale wa madhehebu mengine hawamo.

---

Mpekuzi wa Nasaba

Kaka, hoja ya madhehebu ni kweli kabisa. England kati ya 1754 na 1837 ndoa ilipaswa kufungwa katika kanisa la Anglikana ndipo itambuliwe na sheria, isipokuwa kwa Waquaker na Wayahudi. Kwa hiyo Mkatoliki au Mbaptisti utamkuta ameoa Anglikana ila watoto wake hawamo kwenye kitabu cha ubatizo cha kanisa lilelile. Watu huona pengo hilo wakadhani familia ilihama.

Lakini kuhusu karani kuona kwa macho, ngoja nieleze. England kuanzia 1841 fomu ziliachwa kwenye nyumba, mkuu wa kaya akajaza au akajaziwa, kisha karani akanakili kwenye kitabu chake. Unachokiona leo mtandaoni kwa miaka ya 1841 hadi 1901 ni kile kitabu cha karani. Fomu zenyewe ziliharibiwa. Mwaka 1911 ndio wa kwanza ambao fomu za kaya zimehifadhiwa, na ndiyo maana unaweza kuuona mwandiko wa babu wa babu yako mwenyewe, pamoja na majina ya watoto waliofariki aliyoyaandika ingawa hakuulizwa, kisha yakakatwa kwa wino wa rangi nyingine. Mimi ukurasa wa namna hiyo hunishika moyo kila ninapouona.

Marekani karani alikwenda mlangoni kweli, ila alizungumza na nani? Angeweza kumkuta mtoto, au mpangaji, au jirani akamsemea aliyetoka. Karibu sensa zote hazisemi. Mwaka 1940 peke yake makarani waliagizwa kuweka alama ya X ndani ya duara kando ya jina la aliyejibu maswali. Mkipata ukurasa wa 1940 tafuteni duara hilo kabla ya kitu kingine.

Na vitabu vya kanisa navyo vina nakala. Kuanzia 1598 parokia za England zilipeleka nakala kwa askofu kila mwaka. Kitabu cha parokia kikiwa kimeliwa na unyevu, nakala ya askofu inaokoa. Vikiwepo vyote viwili vilinganishe, kwani mara nyingine nakala ina neno ambalo kitabu hakina.

Kwa hiyo sisemi kanisa liko juu ya sensa. Nasema mtu aliyekuwa karibu na tukio, na karatasi iliyo karibu na mtu huyo, vina uzito zaidi. Faharasa ya mtandaoni iko mbali kuliko vyote: mtu wa leo amesoma mwandiko wa karani aliyenakili fomu ya mtu aliyesikia jina.

---

Kalamu Nyeusi

Nimekuelewa, la fomu za 1911 sikulijua. Niongeze kwenye majina basi. Wakuu, achaneni na ile hadithi kwamba maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, waliwabadilisha watu majina. Kituo kilifunguliwa 1892, na maofisa wake walifanya kazi na orodha za abiria zilizoandaliwa na makampuni ya meli kabla ya safari. Waliangalia jina lililokwisha andikwa. Wengi walibadili majina wenyewe baadaye, kazini, shuleni kwa watoto, au kwenye kuomba uraia. Kwa hiyo tafuteni abiria kwa jina la kule alikotoka, si la huku alikofikia.

Na kwenye kutafuta, msing'ang'anie herufi. Watu wengi hawakujua kuandika, karani aliandika alivyosikia. Marekani walitengeneza kabisa mfumo wa kupanga majina ya sensa kwa sauti, Soundex, wenye herufi ya kwanza ya jina na tarakimu tatu, ili majina yanayotamkwa karibu sawa yakae pamoja. Tovuti nyingi bado zina uwezo huo au zinakuruhusu kuweka nyota mahali pa herufi usizo na uhakika nazo.

---

Mjukuu wa Tatu

Na wanawake je? Mimi kila nikifika kwa mwanamke naishiwa njia, anapotea akiolewa.

---

Kalamu Nyeusi

Inategemea nchi dada. Kwenye vitabu vya Kikatoliki vya Quebec na kwenye nyaraka za Ufaransa mwanamke anaandikwa kwa jina alilozaliwa nalo hadi kaburini, kwa hiyo tafuta kwa jina la kwao. Nchi za Skandinavia za zamani hakukuwa na jina la ukoo kwa watu wa kawaida: mtoto wa kiume alichukua jina la baba na kuongezewa "mwana wa", wa kike "binti wa". Ndugu wa tumbo moja wana majina tofauti ya mwisho, na hilo linawachanganya sana wanaoanza.

Sweden lakini wana dawa yake. Sheria ya kanisa ya 1686 iliwataka wachungaji wapite kuwapima watu kusoma na katekisimu, na wakaweka vitabu vya kila kaya: nani yuko, amezaliwa lini, amehamia kutoka wapi, amekwenda wapi. Mwanamke akiolewa kijiji cha pili unaona mstari wake umekatwa na jina la alikokwenda limeandikwa. Kanisa la Sweden liliendelea kutunza orodha ya wananchi wote hadi 1991.

---

Mpekuzi wa Nasaba

Ahsante kaka, hapo umenipokea mzigo. Naongeza tu: England mwanamke akipotea, tafuta ndoa ya mwanawe mkubwa, wosia wa baba yake, na mashahidi waliotia sahihi ndoa yake. Tangu 1754 mashahidi wawili wanatia sahihi au alama. Dada wa bibi harusi yumo humo mara nyingi kuliko mnavyodhani.

---

Msomaji Mtulivu

Mimi ni msomaji tu, leo nimelazimika kuandika. Nina ndoa ya tarehe 5 Aprili 1720 na ubatizo wa mtoto wa kwanza tarehe 10 Februari 1720, parokia ileile England. Ina maana mtoto alizaliwa kabla ya ndoa? Mzee wangu nyumbani hataki kabisa niiandike hivyo.

---

Mpekuzi wa Nasaba

Mwambie mzee wako atulie, mtoto ni wa ndani ya ndoa. England hadi 1751 mwaka mpya wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo Aprili 1720 ilitangulia, zikafuata miezi kumi, ndipo Februari ambayo bado iliitwa 1720. Kwa hesabu ya sasa mtoto alibatizwa Februari 1721. Ndiyo sababu utakuta wengine wanaandika 1720/1. Andika hivyo hivyo, usibadili kuwa 1721 bila maelezo, maana mwenzako akija atasahihisha mara ya pili na kumsogeza mwaka mwingine.

Mambo ya kalenda yana mitego mingine. Nchi za Kikatoliki zilihamia kalenda ya Gregori, hii tunayotumia leo, kuanzia 1582. Uingereza ilihama 1752, tarehe 2 Septemba ikafuatwa na tarehe 14. Urusi ilihama 1918. Ufaransa kati ya 1793 na mwisho wa 1805 walitumia kalenda ya mapinduzi, yenye miezi ya siku thelathini na majina yake, na vyeti vya miaka hiyo vinahesabu kutoka mwaka wa kwanza wa jamhuri. Kuna majedwali ya kubadilisha, ila andika tarehe ya asili kwanza, kisha ya kubadilisha pembeni.

---

Mtafuta Mizizi

Ndugu zangu, nyote mnazungumzia watu walioandikwa. Upande wa baba yangu walikuwa watumwa Marekani. Nimefika 1870 nikagonga ukuta. Kuna njia, au nikubali yaishe?

---

Mpekuzi wa Nasaba

Ndugu yangu, usikubali. Swali lako ndilo lililonifanya nisome mambo haya kwa uchungu.

Ukuta wa 1870 una sababu inayoumiza. Sensa ya 1850 na 1860 zilikuwa na orodha ya peke yake ya watumwa, na katika orodha hiyo jina linaloandikwa ni la mmiliki. Chini yake ni umri, jinsia na rangi. Binadamu hao karibu wote hawana jina. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaandika wote kwa majina kama watu wengine. Hapa lile swali la karani alitaka kujua nini linauma kweli: dola ilitaka kujua mtu fulani ana watumwa wangapi, si wao ni nani.

Njia zipo. Kwanza soma kurasa za jirani za 1870, kwani wengi walibaki karibu na pale walipokuwa, na mmiliki wa zamani anaweza kuwa nyumba chache mbele. Si lazima awe na jina la ukoo kama lao. Pili, Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali ya kuwasaidia watumwa walioachwa huru iliyofanya kazi kuanzia 1865 hadi 1872, iliacha mikataba ya kazi, orodha za msaada na kumbukumbu za ndoa za watu walioishi pamoja miaka mingi bila sheria kuwatambua. Tatu, benki ya akiba ya Freedman's iliyofunguliwa 1865 na kufa 1874. Aliyefungua akaunti aliulizwa wazazi, ndugu, mke, watoto, na kwenye baadhi ya kurasa hata mmiliki wa zamani, ili benki imtambue kama hajui kuandika. Walijibu wenyewe, kwa vinywa vyao, na wapo waliowataja ndugu waliouzwa mbali nao.

Ukishapata mmiliki, ingia kwenye wosia wake na orodha ya mali baada ya kifo chake. Ni usomaji mzito, watu wameorodheshwa pamoja na ng'ombe na thamani zao. Lakini majina ya kwanza yamo, na mara nyingine mama na mtoto wamewekwa pamoja. Na mahali Kanisa Katoliki lilipobatiza watumwa, kama Louisiana, Cuba na Brazil, kitabu cha ubatizo kina jina la mtoto, la mama, na wasimamizi. Kasisi yule yule wa kizuizi cha ndoa ndiye aliyeuliza jina.

---

Mtafuta Mizizi

Asante. Sikujua habari ya benki. Naanza nayo.

---

Msomaji Mtulivu

Swali la mwisho kwangu. Vilivyoungua je?

---

Kalamu Nyeusi

Sensa ya Marekani ya 1890 karibu yote imepotea, chanzo ni moto wa Januari 1921 Washington, na mabaki yakaja kuharibiwa baadaye. Sensa ya England na Wales ya 1931 iliungua Desemba 1942. Ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, kwa hiyo watu wanatumia orodha ya wananchi iliyofanywa Septemba 1939. Paris waliweka usajili wao nakala mbili katika majengo mawili tofauti, na majengo yote mawili yakachomwa Mei 1871. Sehemu tu ndiyo iliyojengwa upya kutokana na karatasi za familia na vitabu vya parokia.

---

Mpekuzi wa Nasaba

Ireland nayo, Juni 1922, jengo la kumbukumbu la Dublin liliteketea na sensa za 1821 hadi 1851 zikaondoka nalo isipokuwa vipande. Zile za 1861 hadi 1891 hazikuungua, ziliharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe. Vitabu vingi vya Anglikana vilikuwa humo. Vya Kikatoliki vilikuwa vimebaki parokiani, vikapona. Sensa za 1901 na 1911 zipo nzima na zinasomwa bure mtandaoni.

Sasa angalieni jambo hili. Yale malipo ya uzeeni ya 1909 yaliwataka wazee wa Ireland wathibitishe umri, na usajili wa vizazi kwao ulianza 1864, hawakuwa na vyeti. Wakaomba watafutiwe kwenye sensa za 1841 na 1851. Sensa zimeungua, lakini fomu za wale wazee zimebaki, na ndani yake karani amenakili familia yao kama alivyoiona kwenye ukurasa ambao leo haupo. Kwa hiyo kitu kikiungua, uliza ni ofisi gani nyingine iliwahi kukinakili kwa shida zake.

---

Mjukuu wa Tatu

Mkuu, mtu anayeanza kesho aanzie wapi?

---

Mpekuzi wa Nasaba

Kwake mwenyewe, kisha wazazi, kisha kurudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Usiruke kwa mtu maarufu mwenye jina kama lenu ukashuka naye. Wahoji wazee kwanza, na uandike walivyosema hata kama unahisi wamekosea, kwa kuwa jina lililokosewa mara nyingi lina ukweli ndani yake.

Sensa za karibuni hutazipata. Marekani inazifunga miaka 72, kwa hiyo ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Canada ni miaka 92. England na Wales ni 100, na ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Pengo hilo ni la kuwalinda walio hai, na sisi tufanye vivyo hivyo: msiweke mtandaoni tarehe za kuzaliwa za ndugu walio hai.

FamilySearch ni bure, unajiandikisha tu. Shirika lililo nyuma yake lilianzishwa Utah mwaka 1894, likaanza kupiga mikrofilamu mwaka 1938, na mwaka 2021 likamaliza kuzigeuza za kidijitali filamu zaidi ya milioni mbili. Nyingi hazina faharasa, unafungua ukurasa baada ya ukurasa kama kitabu. Msiishie kwenye kisanduku cha kutafuta mkasema jina halipo.

Kwa kila unachokipata andika: kitabu gani, ukurasa gani, umeona picha au faharasa, na nani alitoa taarifa. Andika pia ulipotafuta ukakosa, na miaka uliyopitia.

Dada, wewe uliye na yule mwanamke wa 1851, tafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake yeyote aliyezaliwa baada ya Julai 1837, kitakuwa na jina la kwao mama. Ukikipata, weka picha ya ukurasa mzima humu, si mstari mmoja, tuusome pamoja.